Kabla hujamwita fundi, tazama jua linakozama

Ramani nyingi za nyumba zinazofika mezani kwangu hapa Tabora zina kasoro moja. Vyumba vimepangwa vizuri, sebule ni pana, choo kiko mahali pake, lakini mshale wa kaskazini haupo. Nikimuuliza mwenye kiwanja jua linazama upande gani, hunyoosha kidole kuelekea barabarani, kisha husita. Ramani kaipata kwa rafiki aliyejenga Dar es Salaam au kaipakua kwenye simu, na nyumba itageuzwa kutazama barabara kwa sababu nyumba zote za mtaa zimetazama huko. Miaka miwili baadaye, mwezi wa kumi, chumba cha watoto hakilaliki mpaka saa sita usiku.

Ukitaja ubunifu wa majengo unaojali mazingira, wengi hufikiria vitu vya kununua: sola, kiyoyozi kisichokula umeme mwingi, gari la betri. Vina nafasi yake. Lakini katika mji kama wetu, kazi kubwa hufanywa na penseli, kabla lori la mchanga halijafika kiwanjani, na haiongezi hata shilingi kwenye gharama.

Tabora iko kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena wiki ya kwanza ya Oktoba. Machi mvua zingalipo na mawingu hutusitiri. Oktoba hakuna cha kutusitiri. Ardhi imekauka na mvua bado haijashuka. Kwa latitudo hii, kuta zinazotazama kaskazini na kusini hazina shida sana, kwa kuwa mchana jua huzipiga likiwa juu, na paa lililotokeza sentimita 60 hadi 90 linatosha kuzitia kivulini. Adui ni ukuta wa magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua limeshainama, linapita chini ya paa na kuupiga ukuta uso kwa uso. Tofali hunyonya joto taratibu na kulitoa taratibu, kwa hiyo jua la saa kumi utalilalia saa nne usiku. Ndiyo maana nashauri urefu wa nyumba ulale mashariki kwenda magharibi, na upande wa machweo uwekewe stoo, choo na bafu, siyo kitanda cha mtu.

Sasa paa. Kuna mtindo umeingia wa kuficha bati nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, nyumba ionekane kama sanduku. Nasema wazi kwamba siupendi kwa mji huu. Paa la namna hiyo halina ukingo unaotokeza, kwa hiyo ukuta haupati kivuli wakati wa jua wala kinga wakati wa mvua, na gata iliyofichwa ndani ikiziba majani, maji hurudi kwenye dari. Nimeona plasta ya nyumba mpya ikibanduka kabla mwenyewe hajamaliza kupaka rangi.

Bati lenyewe si baya, ila linahitaji nafasi ya kupumua. Francis Kéré, mbunifu aliyezaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso, aliliona hilo alipowajengea watu wa kwao shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Kuta alijenga kwa tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, juu yake akaweka dari ya tofali hizohizo yenye matundu, kisha bati akaliinua mbali na dari kwa kenchi nyepesi za nondo. Hewa ya moto hupanda kupitia matundu, upepo hupita kati ya dari na bati na kuichukua. Wanakijiji wenyewe ndio waliobeba udongo na kushindilia sakafu. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani ya usanifu wa majengo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Kwako nyumbani si lazima uige kenchi zake. Acha matundu ya hewa kwenye pembetatu za kuta pande zote mbili chini ya bati, yawekewe nyavu za kuzuia popo, na dari yako itapoa.

Wazee wetu waliijua kazi hii. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe, nyumba ya kale ya udongo, alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Kuta ni nene, baraza ni pana. Simama nje saa nane mchana kisha ingia ndani, ngozi yako itakuambia nilichokusudia kuandika katika aya nzima.

Mwalimu mwingine ni kichuguu. Mjini Harare kuna jengo la ofisi na maduka liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996, ambalo mbunifu wake, Mick Pearce, alivutwa na namna vichuguu vinavyopitisha hewa. Usiku feni huvuta hewa baridi na kuipitisha kwenye zege la sakafu. Mchana zege hilo lililopoa huwapoza watu, na hewa ya moto hutoka kwa mabomba ya juu. Usiku wa Tabora nao hupoa, kwa kuwa tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Tunaikosa faida hiyo kwa sababu usiku tunafunga madirisha tukihofia mbu na wezi. Dawa yake ni matundu ya kudumu juu ya lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), yenye nyavu, yasiyofungwa kabisa. Na jihadhari na dirisha la aluminiamu la kutelezesha: hata ukilifungua lote, nusu yake ndiyo inayopitisha hewa.

Kichuguu kinanirudisha kwenye jambo linaloniuma. Udongo wake ndio tunaoupenda kwa tofali za kuchoma, na kila tanuri linameza magogo ya mtundu na myombo, miti ileile ambayo nyuki wa Sikonge na Urambo hutegemea maua yake. Tunajivunia asali ya Tabora huku tukichoma mahali inapotoka. Tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono, hazichomwi kabisa. Zinahitaji udongo, saruji kidogo, kivuli na kumwagiliwa maji angalau siku saba. Kwa kuwa zinashikana zenyewe, chokaa cha kujengea hutumika kidogo sana.

Siyo kila udongo unafaa, na hapa watu wengi hupoteza fedha. Pima kwanza. Chimba chini ya tabaka lenye mizizi, jaza udongo theluthi moja ya chupa ya maji inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa zaidi ya nusu, uko salama. Udongo wa kichuguu mara nyingi utakuonyesha tabaka nene la mfinyanzi. Ukiutumia ulivyo, tofali litapasuka likikauka. Uchanganye na mchanga, upime tena.

Bati hilohilo pia ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 800 hupokea lita 80,000 kwa msimu, na nyingi kati ya hizo tunaziacha zichimbe msingi wa jirani.

Kuhusu usafiri nitasema machache. Injini ya petroli hugeuza chini ya theluthi moja ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Nyingine hupotea kama joto. Bajaji za umeme zitatusaidia zikifika kwa wingi. Lakini mji wetu ni tambarare, baiskeli inautosha, na kinachomtesa mwendeshaji ni jua. Kila mwembe unaokatwa kupisha kibanda unamsukuma mtu mmoja zaidi kupanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi.

Na wewe ambaye nyumba imeshasimama Ipuli au Cheyo, na chumba chako kinatazama machweo? Ongeza kibaraza upande huo, hata cha nguzo za miti na bati chache, kishuke mpaka kikate jua la saa kumi. Ukishindwa, funga waya ukutani uache nafasi ya kiganja, kisha panda pasheni hapo. Anza mvua za Novemba zikianza, ili mwezi wa kumi ujao ukukute na majani.