Daktari wa kinyama: yanayosemwa kuhusu ubobezi wa patholojia, na yalivyo

Daktari akimaliza ubingwa wa patholojia, fani ya kutambua ugonjwa kwa kuchunguza tishu, seli na damu, pale Muhimbili, ndugu humpongeza kwanza, kisha humuuliza: sasa wewe utakuwa unatibu nini? Akisema anataka kurudi tena shule, mwaka mmoja au miwili, abobee kwenye tawi moja tu la fani hiyo hiyo, wanaguna. Mtu keshapiga miaka mitano ya udaktari, mmoja wa intani na mitatu ya MMed, shahada ya ubingwa. Anatafuta nini tena? Mguno huo unatoka kwenye mambo yanayozungumzwa mtaani, kwenye magrupu ya WhatsApp na, tusifichane, hata wodini kwa madaktari wenzetu.

"Hao si ndio wa mochwari?"

Wapo wa mochwari, na kazi yao ni ya heshima. Polisi na mahakama wakitaka kujua marehemu amekufaje, wanamtegemea mbobezi wa patholojia ya kisheria. Lakini hilo ni tawi moja. Siku ya kawaida ya mpatholojia ni ya watu walio hai: uvimbe wa titi la mama wa Mbagala, tezi ya shingoni ya kijana wa Tandika, vipande vya tezi dume vya mzee ambaye bado hajamwambia mkewe kuwa amepimwa. Kuna wanaobobea kwenye magonjwa ya damu na limfu, wa saitolojia wanaosoma seli zilizovutwa kwa sindano, wa ngozi, wa figo, wa watoto, wa ubongo na mishipa ya fahamu, wa vinasaba vya saratani, na wa damu salama na uongezaji damu. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji maiti ili amalize siku yake.

"Keshakuwa bingwa, anabobea nini tena? Saratani si saratani tu?"

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mtoto wa miaka sita aliyevimba taya. Daktari wa upasuaji anakata kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu cha kupimwa, kinafika maabara. Chini ya hadubini kuna seli ndogo za mviringo, za buluu iliyokoza, zimejazana bila nafasi. Aliyesomea Afrika Mashariki atafikiria moja kwa moja limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga iliyoandikwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Mara nyingi atakuwa amepatia. Ila seli ndogo za buluu kwa mtoto zina ndugu wengi: limfoma ya limfoblasti, neuroblastoma, rabdomiosakoma, sakoma ya Ewing. Dawa zao hazifanani, wala muda wa matibabu haufanani. Na Burkitt ni uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo hakuna nafasi ya kujaribu dawa hii, ikishindikana ile.

Mbobezi wa hematopatholojia, yaani wa magonjwa ya damu na limfu, haishii kwenye ile sura iitwayo "anga lenye nyota", ambapo makrofaji nyeupe, seli zinazomeza mabaki, zimetawanyika katikati ya seli nyeusi. Anaagiza immunohistokemia, kipimo cha kingamwili zinazoonyesha protini gani zimo kwenye seli: CD20, CD10, BCL6, Ki-67 ambayo kwenye Burkitt hukaribia asilimia 100, BCL2 ambayo kwa kawaida ni hasi au dhaifu, na TdT. TdT ikitoka chanya, habari imegeuka, mtoto anaelekea kwenye matibabu ya limfoblasti. Panapowezekana anatafuta pia mpasuko wa jeni ya MYC. Herufi hizo hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuzikariri. Kinachofundishwa kwenye ubobezi ni kuzichagua na kuzipanga foleni. Kinyama chenyewe kidogo, kila kipimo kinakula ukanda wake, na vitendanishi ni ghali. Asiyezoea huagiza kila kilichopo kwenye friji, tishu inaisha, na swali bado linaelea.

Au chukua figo. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017. Tangu siku hiyo swali jipya limeingia nchini: figo iliyopandikizwa ikianza kusuasua na kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, kupanda, tatizo ni nini? Inaweza kuwa mwili unaikataa. Inaweza kuwa dawa yenyewe ya kuzuia kukataliwa inaisumbua. Inaweza kuwa virusi vya BK, vinavyoshambulia figo kinga ikiwa imeshushwa. Kwenye karatasi ya vipimo vya damu zote tatu zinaweza kufanana. Mwili ukiwa unaikataa, daktari anaongeza nguvu ya kushusha kinga. Wakiwa ni virusi vya BK, anapunguza. Ukikosea upande, unaiua figo ambayo ndugu ametoa mwilini mwake.

Jibu limo kwenye kipande chembamba kama uzi kilichochomolewa kwa sindano, na mbobezi wa figo anakisoma kwa vigezo vya Banff, vilivyoanza kwenye mkutano wa mji huo wa Kanada mwaka 1991. Kabla hata ya kukisoma, lazima awe amesimama pale kinapotoka. Sehemu moja iende kwenye formalini, dawa inayozuia tishu isioze, kwa hadubini ya kawaida. Nyingine ibaki bila formalini, kwenye kimiminika chake maalumu, kwa ajili ya imunofluoresensi, kipimo cha kingamwili zinazong'aa. Nyingine iende kwenye glutaraldehidi, kama kuna hadubini ya elektroni ya kuipokea. Muuguzi mwenye nia njema akitumbukiza uzi wote kwenye formalini, nusu ya majibu imeshapotea na hakuna bingwa wa kuirudisha. Hayo huyasomi kitabuni ukayaweza. Unayapata kwa kukaa mwaka mzima mahali ambapo vinyama vya figo vinaingia kila wiki, karibu na mtu ambaye amevisoma kwa miaka.

"Majibu yakichelewa, mpatholojia kalala"

Wakati mwingine kachelewa kweli, tusitetee kila kitu. Lakini fuata safari ya sampuli ndani ya Dar es Salaam. Hospitali ndogo ya pembezoni imekata uvimbe. Ndugu anakabidhiwa kichupa na karatasi, anapanda mwendokasi au bajaji kuelekea Upanga. Kichupa kilikuwa cha dawa, shingo yake nyembamba. Tishu iliingia ikiwa laini, formalini imeikaza, sasa haitoki mpaka plastiki ikatwe. Au ndani hamna formalini, mna maji ya chumvi, na kwa joto hili seli zimeanza kuoza kabla ya daraja la Salenda. Au formalini ipo, ila imefunika nusu tu ya uvimbe, wakati inatakiwa iuzidi kwa ujazo mara kumi. Kwenye karatasi, sehemu ya maelezo ya mgonjwa, pameandikwa neno moja: uvimbe.

Kwa titi masharti ni makali zaidi. Tishu inatakiwa iingie formalini ndani ya saa moja tangu ikatwe, ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Nje ya hapo, vipimo vya vipokezi vya estrojeni na projesteroni na kile cha protini ya HER2 vinaweza kudanganya, na mama akanyimwa dawa iliyokuwa inamfaa. Baada ya hapo kuna mashine ya usiku kucha, kuna nta, kuna kukata ukanda wa maikromita tatu mpaka tano, kuna rangi ya hematoksilini na eosini. Ndipo slaidi inafika mezani.

Felo mzuri, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya ubobezi, hujifunza kunyanyua simu. Anapiga wodini kuuliza uvimbe ulitoka upande gani, picha ya CT ilionyesha nini, nani alisahau formalini. Kwa maoni yangu, kituo kisichomfundisha felo kupiga simu hizo kinamfundisha nusu ya kazi.

"Felo ni mwanafunzi aliyeongezewa mwaka"

Siyo. Ni bingwa kamili. Anakaa na mkufunzi wake kwenye hadubini yenye macho mengi, na utaratibu mzuri ni felo kutaja utambuzi wake kwanza, kwa sauti, kabla mkubwa hajafungua mdomo. Mwanzoni mwa mwaka anarekebishwa kila slaidi ya tatu. Kuelekea mwisho, mkufunzi anatikisa kichwa tu na kugeuza slaidi. Siku nyingine upasuaji unaendelea na swali linatoka chumba cha upasuaji: ukingo wa kilichokatwa ni safi, hauna saratani? Tishu inagandishwa kwenye kriostati kwenye nyuzi kama 20 chini ya sifuri, inakatwa, inapakwa rangi, na jibu linatarajiwa ndani ya kama dakika 20, mgonjwa akiwa bado kwenye usingizi wa dawa. Kisha kuna kikao cha saratani, ambako madaktari wa mionzi, wa upasuaji na wa dawa wanakaa meza moja, na felo anatetea ripoti yake mbele ya watu wanaouliza maswali ya kukera.

"Bila kwenda Marekani hujabobea"

Hii imewapotezea vijana wengi muda. Marekani wenyewe, rezidensi ya patholojia, yaani mafunzo ya ubingwa, ni miaka minne kwa anayechukua patholojia ya tishu na ya maabara kwa pamoja, mitatu kwa anayechukua moja. Ubobezi huongeza mwaka mmoja kwa matawi mengi, miwili kwa patholojia ya mfumo wa fahamu. Programu nyingi zilizoidhinishwa zinataka mtu aliyemaliza rezidensi huko huko au Kanada. Mwenye MMed ya Muhimbili, KCMC au Bugando anaweza kupita kama mwombaji wa kipekee, ila mlango huo ni mwembamba, na kuna mitihani ya USMLE ya leseni ya udaktari na cheti cha ECFMG kwa waliosoma nje ya Marekani kabla ya yote. Baadhi ya wanaosema "nilifanya ubobezi Marekani" walikwenda kama watazamaji kwa mwezi au mitatu. Kutazama kuna faida yake, ila mtazamaji hasaini ripoti, na bila kuwajibika kwa jibu macho hayakomai.

Njia zipo nyingine. Uingereza ina mpango wa MTI unaompa daktari wa nje nafasi ya kujifunza kazini kwa muda usiozidi miezi 24. Kuna Afrika Kusini, kuna India, ambako magonjwa yanafanana zaidi na ya kwetu. Na kuna kukaa hapa hapa na kusoma kesi ngumu pamoja na wenzako wa nje kupitia picha za slaidi, jambo ambalo haliitwi ubobezi rasmi lakini limeshaokoa ripoti nyingi.

Kuna na dhana ndogo inayoambatana na hiyo, kwamba ubobezi usio na mtihani wa bodi ni bure. Bodi ya patholojia ya Marekani inatoa cheti kwa damu, saitolojia, ngozi, watoto, kisheria, mfumo wa fahamu na mengine kadhaa. Kwa titi au kwa utumbo na ini haina mtihani wake, na bado vituo vikubwa vinachukua mafelo wa matawi hayo kila mwaka.

"Nchi inahitaji mabingwa wa kawaida, wabobezi ni anasa"

Hoja hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni ngumu kuijibu. Mkoa usio na mpatholojia hata mmoja hauombi mbobezi wa ngozi. Na mbobezi anayerudi peke yake, akakuta hakuna vitendanishi, ataishia kusoma kila kitu kama zamani, huku ujuzi wake unachakaa. Lakini angalia mzigo wenyewe. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na saitolojia ni mojawapo ya njia za kuichunguza. Watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na wengi wao huhitaji kuongezewa damu. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road inatoa kemo, yaani dawa za saratani, kwa kufuata sentensi iliyoandikwa na mtu wa hadubini. Kwa nchi hii, damu, saitolojia na titi si anasa. Ngozi inaweza kusubiri, na najua kuna watakaonichukia kwa kusema hivyo.

"Akili mnemba itasoma slaidi zote, usijisumbue"

Marekani iliidhinisha mwaka 2017 mfumo wa kwanza wa kumwezesha mpatholojia kutoa majibu kwa slaidi zilizoskaniwa, na mwaka 2021 programu ya kwanza ya akili mnemba inayosaidia kusoma tezi dume. Inasaidia, haisaini. Slaidi moja iliyoskaniwa inaweza kufika gigabaiti nzima, jambo ambalo ukilileta kwenye bando zetu ni kichekesho, na programu hiyo haina namna ya kujua kwamba tishu ilikaa kwenye maji ya chumvi tangu Chanika.

Kwa daktari ambaye tayari ana MMed na anawaza kuomba, maswali ya kuuliza kituo ni machache. Sampuli ngapi za tawi lako zinaingia kwa mwaka? Felo anaandika ripoti mwenyewe au anatazama? Immunohistokemia ina kingamwili gani, na zikiisha huagizwa baada ya muda gani? Nani hasa atakaa na wewe kwenye hadubini, na yupo mwaka mzima au anasafiri? Ruhusa ya mwajiri na mkataba wa ufadhili vianze kushughulikiwa mapema, kwa sababu kwa Marekani maombi ya patholojia huenda mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kabla ya siku ya kuanza, na barua tatu za wakufunzi hazipatikani kwa wiki moja.