Ketamini kwa sonona sugu: kabla hujatundika dripu

Mimi ni daktari wa usingizi, na ketamini, dawa ya kumlaza mgonjwa wa upasuaji, naishika karibu kila siku: mtoto aliyeungua anayesafishwa vidonda, majeruhi wa bodaboda, mama wa upasuaji wa dharura. Hospitali ya wilaya ambayo mashine yake ya usingizi imeharibika huitegemea sana, kwa sababu mgonjwa hulala huku akiendelea kupumua mwenyewe na kwa kawaida presha yake haiporomoki. Ndiyo maana wenzangu wakisikia kwamba dawa hiihii inatibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huuliza kwa nini tusianze kesho. Chupa si zipo kabatini?

Zipo. Lakini matumizi ni tofauti kabisa. Mtu wa kilo 60 nikimlaza kwa upasuaji, namchoma mshipani miligramu 60 hadi 120 kwa mara moja. Kwa sonona, mtu huyohuyo hupewa miligramu 30 tu, taratibu kwa dakika 40, na halali. Anaweza kuhisi kama ametoka nje ya mwili wake, sauti zikawa mbali, presha ikapanda, kichefuchefu kikamshika. Kwa wengi hali hiyo huisha ndani ya saa mbili. Lazima awepo mtu wa kumwangalia muda wote, na siku hiyo haendeshi gari wala pikipiki.

Dozi hiyo ilijaribiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2000: wagonjwa saba tu. Mwaka 2006 mtafiti Carlos Zarate na wenzake wakairudia kwa watu ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Baada ya saa 24, asilimia 71 ya waliopewa ketamini walikuwa wamepata nafuu kubwa. Dawa tulizozoea huhitaji wiki nne hadi sita! Kwa mtu anayewaza kujiua, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Sasa angalia upande wa pili wa utafiti uleule. Wiki moja baadaye, waliobaki na nafuu hiyo walikuwa asilimia 35. Kwa panya, watafiti wa Yale walionyesha mwaka 2010 kwamba ketamini huchochea seli za ubongo kuotesha upya miunganiko kati yao. Hata hivyo, dozi moja haishiki. Kwa hiyo hurudiwa, mara nyingi mara mbili kwa wiki mwanzoni, huku mgonjwa akiendelea na tiba nyingine na mazungumzo na mtaalamu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni neno "sugu". Naletewa mgonjwa nikiambiwa dawa zimegoma, nikifungua faili nakuta amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, miligramu 25 usiku, kwa wiki mbili, basi. Hiyo ni dozi ya kusaidia usingizi na maumivu. Sonona yake haijatibiwa bado. Tunasema sonona ni sugu pale ambapo angalau dawa mbili, kila moja kwa dozi kamili na muda wa kutosha, hazikufaa. Na kabla ya hapo aulizwe kuhusu pombe, apimwe tezi ya shingo, aulizwe kinachoendelea nyumbani. Wengi hawatahitaji ketamini.

Mwenye presha isiyodhibitiwa, mjamzito, na anayesikia sauti zisizokuwepo, hao nawarudisha kwa daktari wa magonjwa ya akili. Aliyewahi kuwa mtumwa wa dawa za kulevya namfikiria mara mbili, maana ketamini nayo hulevya, na wanaoitumia ovyo kwa muda mrefu huharibu kibofu cha mkojo.

Kwa mwenzangu wa wilayani: kabla ya dripu ya kwanza, mpigie daktari wa magonjwa ya akili mkubaliane nani atamwona mgonjwa siku ya tatu, nani siku ya saba, na ndugu yupi atapiga simu giza likianza kurudi. Kama majina hayo hayapo, usianze.