Vuli ya Tennessee si vuli ya Tengeru

Wiki iliyopita nimeletewa tena ombi lilelile la safari ya kuvua samaki. Safari hii ilikuja kwa sauti ya WhatsApp, dakika nne, kutoka kwa jamaa wa Njiro, mtu mzima mwenye heshima zake: "Kaka, video zote nimeangalia. Besi anavuliwa vuli. Likizo nimeshaomba, Oktoba tarehe 10 hadi 20. Twende Naivasha, maji yakianza kupoa tu tunawakomba."

Besi ni yule samaki Wamarekani wanayemwita largemouth bass, na Naivasha ni ziwa la Kenya alikopandikizwa. Nikaweka simu mezani nikaenda kuchemsha chai. Huyu ni wa saba mwaka huu. Wa kwanza nilimjibu kwa upole.

Chanzo cha yote ni kamusi. Wamarekani wana majira yao baina ya joto na baridi, miti inapukutisha majani, na mfasiri akifika hapo, awe mtu au mashine, anaandika "vuli" na kuendelea na safari yake. Sasa mtu wa Arusha akisikia vuli haulizi vuli gani. Vuli ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, ni maharage shambani na matope mpaka kwenye pedali. Mwenye video yuko Tennessee, amevaa koti, anazungumzia kitu kingine kabisa. Tarehe ndizo zinazofanana.

Huko kwake ni hivi. Agosti maji ya juu yanakaribia nyuzi 30. Kufika mwishoni mwa Novemba yameshuka mpaka kumi na kitu. Mchana unazidi kuwa mfupi kila wiki. Visamaki vidogo vinavyoitwa shadi vinaondoka maji mapana na kuingia ndani kabisa ya vihori, yaani vighuba vidogo vya ziwa, besi naye anavifuata nyumanyuma, anakula kwa bidii kwa sababu baridi inakuja na hamu yake itapungua. Ndiyo maana jamaa wa video anaanzia mwisho wa kihori na chambo kinachofanana na shadi. Yuko sahihi kabisa. Kwake.

Naivasha haina hata kimoja kati ya hivyo. Iko chini kidogo ya mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa karibu meta 1,890, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima ni dakika chache, huwezi hata kumaliza kikombe cha chai. Shadi hakuna. Halafu hili ndilo linaloniumiza kichwa: miezi ya baridi ya huku kwetu ni Juni, Julai na Agosti. Ile tunayovaa masweta Arusha, ukungu mpaka saa nne asubuhi na Meru haionekani wiki nzima. Oktoba maji yanapanda joto. Kwa hiyo "maji yakianza kupoa" ya ndugu yangu yalishapita, akiwa kazini.

Kuna na lile neno ambalo wote saba walilitaja: kupinduka kwa ziwa. Hapa niruhusiwe kurefusha, maana ndipo ninapokasirika vizuri.

Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu. Ya baridi ni mazito, yanalala chini. Ziwa likitulia hivyo kwa miezi, lile tabaka la chini linaishiwa hewa, kwa sababu uchafu wote unaozama unaoza huko na hakuna upepo unaofika. Tennessee, maji ya juu yakipoa mpaka yakalingana na ya chini, tabaka zinavunjika, ziwa zima linachanganyika, maji yanakuwa machafu na siku kadhaa samaki wanavurugikiwa. Wavuvi wa kule wanaiogopa wiki hiyo. Sawa. Lakini ukiuliza "Naivasha inapinduka lini?" unauliza swali la ziwa jingine. Sehemu kubwa ya Naivasha ni maji mafupi, na kila mchana kuna upepo wa kukupeleka usikotaka. Inachanganyika karibu kila siku. Hakuna cha kusubiri wala cha kuogopa. Isipokuwa kule Crescent Island, ambako ni kasoko la volkano lililozama, kina chake ni kirefu kuliko kwingine na maji yanaweza kukaa kwa tabaka. Ukitaka ziwa linalosubiri msimu, nenda Chala, upande wa Rombo, zaidi ya meta 90 kwenda chini. Lile ndilo linachanganyika miezi yetu ya baridi. Ila hakuna besi, na ukuta wake wa kushuka nao si wa mtu mwenye goti bovu.

Tena maji ya moto yana hila moja. Tofauti ya nyuzi moja au mbili kwenye maji ya nyuzi 24 inatenganisha tabaka kwa nguvu kuliko tofauti hiyohiyo kwenye maji ya nyuzi 10. Kwa hiyo usidharau kitofauti kidogo. Mimi napima hivi: chupa ya maji ya nusu lita, jiwe limefungwa kitakoni, mdomoni kizibo cha gunzi chenye kamba yake. Kamba kubwa ina fundo kila meta. Nashusha mpaka fundo ninalotaka, nachomoa gunzi kwa mtetemo mmoja, nasikia mapovu yanapanda, nahesabu mpaka thelathini, navuta, nachovya thermometa ya jikoni. Februari moja kwenye bwawa la shamba huko Usa River, maji ya juu nilipata nyuzi 25, fundo la sita 22, na chupa ilipofika mkononi ilinuka yai viza. Ikinuka hivyo hakuna samaki huko chini, hata kama bosi wako amekuambia wakubwa wanakaa kwenye kina. Chambo chako kinahitaji kuwa juu ya harufu hiyo. Dakika tano za kazi hii zimenifaa kuliko video zote.

Sasa safari yenyewe. Njia sitaieleza, kila mtu anaijua: Namanga, foleni ya Kitengela, Nairobi lala. Karatasi za gari na bima ya kuvuka mpaka shughulikia Arusha, si dirishani. Leseni ya kuvulia na kama ziwa liko wazi kwa uvuvi, piga simu kwa mwenye boti kabla hujalipa hoteli.

Ramani ndiyo inahitaji akili. Tangu mwaka 2020 Naivasha imejaa na kupanda nchi kavu. Mtaa wa Kihoto umeingia maji zaidi ya mara moja. Ukingo uliochorwa kwenye ramani ya zamani uko ndani ya ziwa. Watu wanaliona hilo kama balaa, na kwa wenye nyumba ni balaa kweli. Kwa besi ni mtaa mpya. Angalia picha za setilaiti za miezi ya karibuni, tafuta migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Besi ni mviziaji, anataka kitu cha kujibanza: shina, ukingo wa mafunjo, kivuli cha gugumaji. Na anawinda kwa macho. Hapo ndipo vuli yetu, ile ya kweli, inapoingia kwenye hesabu: mvua zikianza, mto Malewa unamwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa upande wa kaskazini. Ukisikia imenyesha Nyandarua, sahau kaskazini. Nenda upande wa Crescent Island, maji yana nafuu.

Toka saa kumi na mbili na nusu, rudi saa tano. Mchana upepo utakuonyesha kazi, na viboko hawajui kwamba umelipia. Mwache mwenye boti aamue umbali, wewe amua fundo.

Chambo: kinachotambaa chini, rangi nyekundu ya matofali au kahawia. Sababu ni yule kamba mwenye makucha anayeishi maji yasiyo na chumvi, asili yake Louisiana, aliyepandikizwa pale mwaka 1970, besi amemzoea. Hiki kidogo ndicho Wamarekani wangekitambua.

Mbalamwezi? Nina daftari la miaka tisa, nimeandika mwezi ulikuwa wapi kila safari. Nimelisoma mbele na nyuma. Siku nzuri zimetapakaa kama punje zilizomwagika. Bado nikienda naangalia kalenda ya mwezi, mke wangu ananicheka.

Na kuna jambo ambalo wauza safari hawalisemi, nami nauza safari. Besi alipandikizwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na wazee wanasimulia siku za kujaza ndoo. Siku hizo zimepita. Tangu samaki mwingine, karpi, aingie mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitumbwi inashusha karpi, na nyavu ni nyingi. Mara ya mwisho nilikaa siku tatu nikapata besi wawili, mmoja wa kumrudisha. Sina uhakika kama walikuwa wachache au mimi ndiye nilitupa vibaya. Siku ya pili nilikaa masaa mawili kwenye mgunga mmoja kwa sababu tu ulikuwa mzuri wa kupiga picha.

Nilimpigia yule jamaa jioni, nikamweleza yote haya. Kimya. Kisha: "Kwa hiyo ungekuwa wewe?" Ningekuwa mimi ningeenda Januari au Februari, jua limekolea, Malewa imetulia. "Likizo imeshasainiwa, kaka." Basi tumepanga Oktoba: asubuhi nane za kuvua, Crescent Island na migunga ya kusini, kaskazini tusiguse mvua ikishaanza. Karpi akija tutamla, ana mifupa lakini kwa nazi anapita.

Akaomba nimwazime ile chupa na thermometa ajifunzie kwanza Ziwa Duluti. Nimempa. Thermometa ni ya mke wangu, ya maziwa ya mtindi, na hajajua bado.