Si kila ua la duara ni waridi

"Hili waridi la Kichina ni la zamani sana, eti?" Karibu kila anayeniletea sahani ya bibi yake niikague huanza hivyo, na wiki hii nimeulizwa mara tatu. Basi naliandika.

Si waridi. Ua kubwa lenye petali zilizofumana, lililochorwa kwa buluu kwenye kauri ya Jingdezhen, mji wa wafinyanzi huko China, mara nyingi ni peoni. Wachina huliita mudan, mfalme wa maua, na tangu enzi ya Tang (618–907) limebeba maana ya utajiri na heshima. Kosa linakotoka nakujua: mmea huu hautoi maua bila baridi kali, kwa hiyo huku pwani hatuuoni, na jicho linakimbilia ua tunalolisokota kwenye vikuba. Lakini ukishaliita waridi, ile dua ya neema aliyoiweka mchoraji kwenye chombo imekupita.

Ushauri wangu siku zote ni mmoja: liache ua, tazama jani. Jani la peoni limepasuka, lina ncha tatu au zaidi. La waridi lina vijani vitano au saba kwenye kikonyo kimoja, kingo zake kama msumeno. Petali nyembamba tele zikizunguka kitovu kama miale, hiyo ni krisanthemu. Petali zenye ncha na katikati tunda lenye matundu ya mbegu, ni lotasi. Hapo kwenye lotasi tu ndipo jani hudanganya: wachoraji wa karne ya 14 waliipa majani yenye miiba-miiba, ilhali jani lake halisi ni duara kama sinia. Tafuta tunda.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Mchoraji hakulijua ua, maana amelichora likitambaa, na peoni haitambai." Kweli ni kichaka, haitambai. Alilijua vizuri, alilitambaza ili lizunguke shingo ya chombo bila kukatika. Jan van Huysum, mchoraji wa Uholanzi, naye alikusanya kwenye chombo kimoja maua ya misimu mbalimbali, yasiyochanua pamoja, na mchoro wake mmoja ulioko National Gallery, London, umeandikwa miaka miwili, 1736 na 1737. Yeye hakuna anayemwita mjinga.

"Buluu ilitumika kwa kupendwa tu." Ilipendwa, ndiyo, ila kobalti, madini yanayotoa buluu hiyo, pia huvumilia tanuri la nyuzi joto kama 1300 za Selsiasi. Wekundu wa shaba, chini ya utando wa kioo unaofunika mchoro, ulikuwa ukigeuka kijivu au kupotea kabisa.

"Kila sahani ya maua iliyokaa kidakani imetoka China." Igeuze kwanza, tafadhali, kabla ya kuniletea. Nyingi za karne ya 19 zina muhuri wa Maastricht, Uholanzi, na kwenye hizo huenda ua ni waridi kweli.