PHP iko wazi, ila haimaanishi kila mtu anaichezea

Watu wamezoea kusema eti kwa vile kodi ya PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, iko wazi (kodi hapa ni maandishi ya programu, sio ya nyumba) basi yeyote anaingia anabadilisha anachotaka. Hapana jamani. Kusoma na kunakili ruksa, ila kuingiza kitu kwenye kodi yenyewe ni wachache wenye ruhusa, wewe unapeleka pendekezo wanalikagua na wanaweza kulikataa. Machi 2021 kuna mtu alipenyeza mlango wa siri (maandishi ya kumwezesha mtu kuingia kwa kificho) kwenye kodi ya PHP, kupitia seva yao, akaandika eti anarekebisha kosa la tahajia, tena kwa jina la Rasmus Lerdorf, mwanzilishi mwenyewe, ujanja gani huo! Ukadakwa ndani ya masaa, kwenye ukaguzi wa kawaida tu, haukufika kwa watumiaji.