Kugandisha Maiti Ili Afufuliwe Baadaye: Maswali Tunayoulizwa Mapokezi

Video za miili iliyotumbukizwa kwenye matangi ya baridi huko Marekani zinazunguka kwenye simu, na maswali yanatufuata hadi mlango wa chumba cha dharura hapa Dodoma. Tutayajibu. Ila mbele kidogo tutageuza mazungumzo, maana tunachokiona kila wiki ni kingine.

Ni kweli kuna watu wanagandishwa wakifa?

Ni kweli. Wa kwanza alikuwa James Bedford, aliyefariki California Januari 1967, na mwili wake bado umehifadhiwa. Siku hizi mashirika mawili ya Marekani, Alcor la Arizona na Cryonics Institute la Michigan, yanaweka miili ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Michigan bei inaanzia dola 28,000 hivi, Arizona inapita dola 200,000 kwa mwili mzima. Asiyeweza hiyo anaweza kugandishwa kichwa tu.

Kuna aliyerudi?

Hakuna. Hata panya mzima hajawahi kurudishwa hai kutoka kwenye baridi hiyo.

Mbona mbegu za madume ya ng'ombe zinagandishwa na ndama wanazaliwa?

Swali zuri, na wafugaji wa Kongwa wanalijua kuliko wengi. Mtaalamu wa uhimilishaji, yaani kupandikiza ng'ombe mbegu bila dume, anafika na mtungi wa naitrojeni ileile, anatoa mrija wenye robo au nusu mililita, anauyeyusha kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde kama 40, kazi inaendelea. Siri yake ni udogo. Mbegu imechanganywa na gliserini inayozuia barafu, na kwa kuwa mrija ni mwembamba, baridi inafika kote kwa pamoja na joto nalo hivyo hivyo. Na hata hapo, mbegu nyingi hufa njiani. Zinatosha kwa sababu zilikuwa mamilioni. Viinitete vya binadamu, yaani mimba za siku chache tu, vinagandishwa kwa msingi huohuo, kwa kuwa ni vidogo kuliko punje ya chumvi.

Ubongo una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4. Dawa ya kuzuia barafu haifiki kila kona kwa wakati mmoja. Ukiizidisha ni sumu, ukiipunguza barafu inaingia, na ukishuka baridi sana kiungo kinapasuka nyufa kama glasi. Ukitaka kuona barafu inavyofanya kazi, weka shada la zabibu za Hombolo kwenye friza usiku mmoja, asubuhi liache liyeyuke. Ganda lipo, umbo lipo, lakini zabibu imelegea na maji yanachuruzika. Chembe zimepasuka. Irudishe iwe zabibu mbichi, kama utaweza.

Jambo jingine ambalo video hazisemi ni kwamba mtungi unahitaji kujazwa naitrojeni miaka yote. Mwaka 1979 huko Chatsworth, California, iligundulika kwamba miili iliyohifadhiwa kwenye chumba cha chini makaburini ilishayeyuka na kuoza, kwa kuwa fedha za kuihudumia ziliisha. Mfugaji aliyewahi kuletewa mbegu kutoka mtungi uliokauka anaelewa.

Friji ya mochwari si kitu hichohicho?

La. Friji hiyo ina nyuzi kama nne juu ya sifuri na kazi yake ni kuchelewesha kuoza hadi ndugu wafike. Dawa ya kuhifadhi maiti, formalini, inakaza nyama kama yai linavyokazwa na moto. Yai la kuchemsha halianguliwi.

Lakini tumesikia mtu alizinduka baada ya kuganda.

Mlisikia vizuri, mkaishia nusu. Mwaka 1999 Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu huko Norway dakika 80, joto lake likashuka hadi nyuzi 13.7, akapona. Alipata nafasi ya hewa kwa dakika kama 40, kwa hiyo alipoa kwanza huku moyo ukipiga, ubongo ukapunguza mahitaji yake kabla damu haijasimama. Na tangu alipotolewa, waokoaji walimbonyeza kifua bila kuacha mpaka hospitali ilipompasha joto kwa mashine. Hakugandishwa baada ya kufa. Maji ya bwawa la Hombolo hayana baridi hiyo; hayamlindi mtu yeyote.

Basi hapa kwetu muda wa kumrudisha mtu ni upi?

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Moyo ukisimama, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hadi 15. Kuanzia dakika ya nne hivi ubongo unaanza kuharibika, na kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua inamwondolea mtu nafasi. Tunaletewa mtu aliyeanguka saa nzima iliyopita, njiani hakuna aliyemgusa kifua, halafu tunaulizwa kama hospitali haina mashine ya kumgandisha.

Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Haitiki na hahemi kawaida? Mlaze chali juu ya sakafu au ardhi ngumu. Godoro hapana, linameza nguvu yote. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vinyooke. Bonyeza chini sentimita tano hadi sita, achia kifua kirudi chote, rudia mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine apige simu kutafuta gari. Mpokezane kila dakika mbili, kwa sababu aliyechoka anabonyeza nusu bila kujijua.

Tusimmwagie maji kwanza?

Hapana. Bonyeza kifua.

Tumpe soda, huenda sukari imeshuka?

Asiye na fahamu hanyweshwi kitu. Soda inaingia kwenye mapafu. Kama anahema kawaida, mlaze ubavu na mumlete mara moja. Kama hahemi, bonyeza kifua.

Baba mkubwa yuko njiani kutoka Chamwino, tumsubiri aamue?

Hapana. Kwa heshima zote kwa baba mkubwa, akute mnabonyeza kifua.

Wazee wanasema amechukuliwa msukule, aitwe mtaalamu.

Hatubishani na imani ya mtu, na maombi hayakatazwi. Anayeomba aombe huku mwingine anabonyeza kifua. Kinachokatazwa ni watu kumi kusimama wakiangalia.

Si bora tumkimbize kwa bodaboda?

Mkimshikilia katikati kwenye pikipiki, damu haifiki kichwani hata tone. Tafuteni gari, mlazeni chali, mtu mmoja abonyeze njia nzima. Mpaka gari lifike, bonyezeni palepale alipo.

Anakoroma kidogo, si anapumua?

Mkoromo wa vipindi virefu, mdomo ukifunguka kama samaki nchi kavu, si kuhema. Ni moyo uliosimama. Swali hili limepoteza watu wengi kuliko mengine yote hapa, kwa hiyo tunarudia: si kuhema. Bonyeza kifua.

Tukimvunja mbavu?

Mbavu huunga.

Mtoto ametolewa kisimani?

Msimning'inize miguu juu kumwaga maji, wala msimkamue tumbo, mnamtapisha tu. Kwa aliyezama hewa inatangulia: inua kidevu, ziba pua, mpulizie mara tano, kisha bonyeza mara 30 na mpulizie mara mbili, mfululizo. Kina ni theluthi ya kifua. Kwa mtoto mchanga zungusheni viganja viwili kifuani na mbonyeze kwa vidole gumba viwili, na mdomo wenu ufunike pua na mdomo wake kwa pamoja.

Aliyepigwa na umeme?

Zima swichi kuu kwanza. Tumeletewa wawili badala ya mmoja.

Asubuhi tumemkuta amekakamaa, jiko la mkaa lilikuwa chumbani.

Taya na shingo vikishakakamaa, saa zimepita, huyo habonyezwi. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa na polisi. Ila kabla ya kulia, fungueni milango na madirisha, na angalieni waliolala naye chumba kimoja. Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma inawafanya watu waingize jiko ndani wakidhani mkaa uliokolea hauna madhara kwa kuwa hautoi moshi. Sumu yake haina harufu. Mtoeni nje kila aliyekuwemo, hata anayesema kichwa tu kinamuuma au anatapika, na mumlete awekewe oksijeni asubuhi hiyohiyo. Msimwache alale kidogo kwanza.