"Thou" si neno la heshima

Mwezi huu nimeletewa tena barua ya Kiingereza niihariri, ya kumwalika askofu, nayo inasema "we humbly request thou". Nikafuta, nikaweka "you". Mzee aliyeileta akakasirika: "Mwalimu, huyu ni Baba Askofu. Utamwitaje 'you' kama unamwita kondakta?"

Nimelisikia hili mara nyingi mno, na ni kinyume kabisa cha ukweli. "Thou" ni "wewe" ya Kiingereza cha zamani, basi. "Ye" ni "ninyi", na "you" ni umbo lake la kutendewa. Waingereza walitofautisha mtu mmoja na watu wengi, kama sisi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Mfaransa humheshimu mtu mmoja kwa kumsemesha kama wengi. Kufikia karne ya 13 desturi hiyo ilikuwa imeingia kwenye Kiingereza: mkubwa akaambiwa "ye" na "you", na "thou" ikabaki ya mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa karibu na adui. Mwaka 1603, Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria mkuu Edward Coke alimtusi mahakamani kwa neno hilihili: "I thou thee, thou traitor!", yaani nakuita "thou", wewe msaliti! Baadaye katika karne hiyo Makweka (Quakers, dhehebu la Kikristo) waliwaambia watu wote "thou", hata mahakimu, wakaonekana hawana adabu. Kwa hiyo anayestahili kukasirika ni askofu aliyeandikiwa "thou".

Kosa linatoka kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611. Mitaani "thou" ilififia, lakini kanisani iliendelea kusomwa, watu wakaizoea kama sauti ya ibada. Wafasiri wale hawakuwa wakigawa heshima. Kiebrania na Kigiriki hutofautisha mmoja na wengi, nao wakafuata hivyo: Mungu ni "thou", Mfalme Daudi ni "thou", na Shetani naye anaambiwa "Get thee behind me". Hapa ndipo ninapokosa subira, maana msomaji wa Kiswahili ana ufunguo mkononi. Fungua Luka 22, aya ya 31 na 32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ninyi, lakini yeye amemwombea wewe. Kiingereza cha 1611 kina "you" kisha "thee", na tofauti inaonekana. Kiingereza cha leo kina "you" na "you", na msomaji asipoelezwa haoni kwamba wa kwanza ni mitume wote na wa pili ni Petro peke yake.

Ndugu yake kosa hili ni kudhani kwamba "-eth", kiishio cha vitenzi vya Kiingereza cha zamani, ni pambo la kubandika kwenye kitenzi chochote. Nimewahi kukuta "I cometh" kwenye programu ya mazishi. Nawaambia wateja wote watumie viambishi vyetu: penye "a-", yaani anakuja, andika "cometh", penye "u-" ya wewe, "thou comest", penye "ni-", "tu-", "m-" na "wa-" usiongeze kitu. Na "thou" hutenda, "thee" hutendewa. Ile "request thou" ilikuwa na makosa mawili, si moja.

Nayo "Ye Olde" ("the old") kwenye vibao vya maduka yanayotaka kuonekana ya kale haisomwi "yi", wala si ile "ye" ya "ninyi". Ile y inashika nafasi ya þ, herufi ya kale ya sauti ya th, ambayo wapiga chapa wengi wa mwanzo hawakuwa nayo kwenye seti zao za herufi. Soma "the".

"Gotten", wanayoitumia Wamarekani penye "got" ("I have gotten"), hawakuibuni wao. Imo kwenye Mwanzo 4:1 ya 1611. Waingereza ndio walioiacha.

Wala si kila herufi isiyotamkwa ni ya kale. "Debt" iliandikwa "dette" kabla wasomi hawajaingiza b ili ifanane na Kilatini, na s ya "island" iliongezwa kwa kuichanganya na "isle", neno la asili nyingine kabisa.

Barua ya askofu nimeirudisha na "you" mahali pote. Heshima nimeiweka kwenye cheo chake, kimeandikwa kamili juu kabla ya jina, na kwenye sentensi ya kwanza inayomshukuru kwa kazi yake.